Mama wa Keqiao, China, anadai hela kabla ya sikukuu yao, na nina zawadi ya kumpelekea. Ushauri wakuu

Mapazia_Msimbazi
Wakuu habari za Jumapili. Naombeni msaada wa waliozoea Wachina maana mimi huu ni mwaka wa pili tu. Nina duka la mapazia Kariakoo, mzigo nachukua Keqiao kwa mama mmoja tunachati WeChat, hajawahi kunizingua hata siku moja. Sasa mwaka mpya wao mwaka huu wa 2026 ni Februari 17, na Ramadhani nayo inaingia siku hizo hizo, mzigo wangu wa Idd lazima uwe Dar katikati ya Machi la sivyo nimekula hasara. Nililipa 30% Desemba, juzi kaanza kunibana nimalizie 70% yote sasa hivi, wakati mwaka jana nilikuwa nalipa nikishaona BL (hati ya meli kuonyesha mzigo umepakiwa). Nikamwandikia "heri ya mwaka mpya dada, vipi mzigo unatoka lini?" akanirudishia kale kauso kanakotabasamu, basi, siku ya tatu leo kimya. Nimekosea wapi?
Alafu kuna jamaa yangu anapanda ndege wiki ijayo nataka ampelekee zawadi, nimechongesha saa ya ukutani ya mninga ina Mlima Kilimanjaro, fundi wa Keko kanichaji elfu 80. Imekaaje hiyo?

kontena_futi40
Mkuu hiyo saa ibaki sebuleni kwako 😂😂 Mchina hapewi saa ya ukutani. Kumpa mtu saa kwao wanasema song zhong, na ukitamka hivyo hivyo ndio kumsindikiza mzazi anayekata roho mpaka umzike. Sasa mtu anajiandaa kuuanza mwaka wewe unamtumia kifo kimechongwa kwa mninga tena na mlima juu yake.
Kuhusu kale kauso, hako sio tabasamu. Kwao hasa vijana ukitumiwa kale ka duara kenyewe peke yake ujue mtu kanuna ila hataki kukwambia. Umemsalimia na kumdai kwenye sentensi moja, ni sawa na mtu aje kwako asubuhi ya Idd akupe mkono huku anauliza hela yangu vipi.
Na usimuone mbaya anavyokubana. Vibarua wa viwandani wengi wametoka mikoa ya mbali, Henan, Sichuan, Guizhou huko, wengine watoto wao wanawaona mara moja tu kwa mwaka, sikukuu hiyo hiyo. Bosi lazima awape chao chote kabla hawajapanda treni, na waliomkopesha nyuzi nao wanapiga hodi, maana kuvuka mwaka na deni kwao ni nuksi. Ndio hela anayokudai hiyo. Likizo ya serikali ni kama wiki moja hivi lakini kiwanda hesabu wiki tatu mpaka nne, wengi hawakai sawa mpaka sikukuu ya taa ipite, siku ya 15 ya mwaka wao, hapo Machi 3 na Idd yako ishakukimbia. Meli kutoka bandari ya Ningbo mpaka Dar ni mwezi na ushee. Piga hesabu mwenyewe.

BintiNyali
Nakubaliana na aliyetangulia lakini hapo kwa hela mimi napinga kidogo. Sikukuu isikufanye ulipe kitu hujakiona, mimi niliwahi kuona haya kumwambia mtu hapana nikalipa yote, kuja kufungua kontena Mombasa robo ya mitandio rangi sizo, kupiga simu kiwanda kimefungwa, walinzi tu. Mwambie kwa adabu mzigo ukiwa tayari utume mtu akauhesabu na akafungue marobota matatu manne, akishamaliza siku ile ile unatuma pesa. Hakasiriki, wamezoea. Na ukipata ujumbe katikati ya sikukuu eti akaunti ya benki imebadilika, usitume hata shilingi, mpigie umwone uso.
Ah na siku akikuletea zile keki zao za mwezi (mwaka huu ni Septemba 25) pokea kwa mikono miwili ushukuru, ila kama ni Muislamu uliza kwanza, nyingine zapikwa na mafuta ya nguruwe.

mwanafunzi_mlimani
Nasoma Kichina pale Mlimani, naongezea kidogo. Salamu itume siku yake peke yake, usiguse mzigo kabisa. Andika Xin nian kuai le, na kwa kuwa ni mwaka wa Farasi ongezea ma dao cheng gong, yaani farasi akifika tu mambo yameshanyooka, wafanyabiashara wanaipenda hiyo. Zawadi peleka korosho au kahawa, paketi mbili au sita, nne hapana maana nne inasikika kama kifo, karatasi nyekundu sio nyeupe. Jamaa yako asishangae mama akikataa mara mbili tatu, ni adabu hiyo, aendelee kumpa, na asimwambie afungue pale pale.
Na sio kila sikukuu yao ni ya "heri". Aprili 5 ni Qingming, wanakwenda kusafisha makaburi, mimi nilimtumia mwalimu wangu heri ya Qingming na maua juu, yaani kama umemtakia mtu heri ya arobaini ya baba yake 🙈

Mapazia_Msimbazi
Asanteni sana wadau. Nimemwomba radhi, nikamwambia shemeji yangu yuko Yiwu, huko huko China, ataenda Alhamisi kukagua na jioni yake namalizia hela. Kajibu ndani ya dakika mbili, safari hii kaweka maua na picha ya marobota yangu yamepangwa mlangoni. Korosho kilo mbili nimeshanunua. Ile saa wife kashapigilia msumari.