Meli ya utalii: chakula cha jioni saa maalumu au saa yoyote?

Forodhani: Assalaam aleikum. Tuko sita, na bibi na watoto wamo. Tuchague ipi?

Wete: Waaleikum salaam. Saa maalumu. Zamu kwa kawaida ni mbili, karibu saa 12 jioni na saa 2 usiku. Meza ileile, wahudumu walewale, kwa hiyo hamtaeleza upya kila usiku habari ya chakula halali. Ila ombi liandikisheni kabla ya safari. Zamu ya kwanza huweza kugongana na Magharibi, kwa kutegemea mahali na msimu. Ikiwa hivyo, chukueni ya pili, watoto wapitie bufee mapema.

Mkunazini: Naam. Saa yoyote huwafaa watu wawili. Meza ya watu sita huchelewa kupatikana, hasa baina ya saa 1 na saa 2. Mkichagua saa yoyote, wekeni nafasi kwenye programu ya simu ya meli mara tu mkipanda.