Mwandishi akificha jina, tumwite shujaa au mwoga? Kisa cha Martin Marprelate

Kaka Mkweli
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa namsoma yule Mwingereza aliyejiita Martin Marprelate. Kwa ambao hamjakutana naye: kati ya Oktoba 1588 na Septemba 1589 vilitoka vijitabu saba vya kuwachamba maaskofu wa Kanisa la Uingereza, kwa lugha ya vijiweni kabisa. Wakati huo sheria ya 1586 ilishakaza: mitambo ya kuchapa iwe London tu, na mmoja Oxford, mmoja Cambridge, na kitabu kisitoke bila idhini ya Askofu Mkuu wa Canterbury au Askofu wa London. Yaani unayetaka kumsema askofu, mpelekee kwanza askofu akukagulie. Martin hakupeleka. Mtambo wake ukawa unahamishwa kwa siri nyumba hadi nyumba: East Molesey, Fawsley, Coventry, Wolston.

Sasa hoja yangu. Mpaka leo jina halisi linabishaniwa. Wengi wanamtaja Job Throkmorton, aliyekuwa mbunge, na huyo hakunyongwa. Aliyenyongwa ni John Penry, msimamizi wa ule mtambo wa siri, mwaka 1593. Mimi kwangu Martin ni mwoga. Una la kusema, weka jina. Kama huwezi kuweka jina, nyamaza, usiwaponze wenzako. Mpiga chapa simhesabu, yule ni chombo tu kama kalamu.

Na kabla hujaniambia kwamba mimi mwenyewe hapa natumia jina la bandia: najua. Mimi sijamponza mtu.

Chumvi ya Mawe
Nakaa mbele kabisa, na karanga zangu.

Rimu Tano
Chombo???

Kaka Mkweli, nina miaka 19 kwenye uchapaji, Kariakoo. Wakati fulani alikuja mteja na vipeperushi vya kumtukana jirani yake, wanagombania uenyekiti wa mtaa. Pesa taslimu mkononi. Nikamwambia rudi nazo. Sasa niambie, umewahi kuona kalamu inamwambia mtu rudi nazo?

Kaka Mkweli
Mzee wangu, povu lote hili la nini? Sijakutaja wewe. Nimesema wa karne ya 16.

Rimu Tano
Wa karne ya 16 ndio walikuwa wanapanga herufi moja moja kwa vidole, kinyumenyume, usiku, kwa mshumaa. Wewe hata "salaam" yako hapo juu imepangwa na simu.

Msomi Jioni
😂😂 Mzee ameamka na mwiko.

Chumvi ya Mawe
Huyu Malkia Elizabeth si ndiye aliyemkata mtu kichwa kwa ajili ya kitabu? Stubbs sijui nani. Kama ni hivyo namwelewa Martin, hata mimi nisingeweka jina. Ningeweka la shemeji yangu.

Binti Siyu
Mkono, si kichwa. John Stubbs aliandika kupinga Malkia asiolewe na mtoto wa kifalme wa Ufaransa. Novemba 1579 akakatwa mkono wa kulia hadharani, yeye na William Page aliyekisambaza kitabu. Ati baada ya kukatwa akavua kofia kwa mkono wa kushoto, akamwombea Malkia heri. Mpiga chapa Hugh Singleton alisamehewe. Na huyohuyo Singleton, mwaka huohuo, akachapa kitabu cha mashairi cha Edmund Spenser ambacho mshairi mwenyewe alijiita "Immerito" tu. Huyo hakuwa anakimbia askofu wala askari. Kwa hiyo Kaka Mkweli, kuficha jina si jambo moja. Kuna anayeogopa, kuna anayeona haya, kuna anayependa tu mchezo.

Halafu kuhusu Penry: hakunyongwa kwa vijitabu vya Martin. Kesi iliyompeleka ilikuwa ya maandishi yake mwenyewe. Na siku zote alikana kwamba yeye ndiye Martin.

Na hili ndilo naomba unijibu: maaskofu walipoona vijitabu vinawavua nguo, waliajiri waandishi wa mjini wamjibu Martin kwa matusi yaleyale. John Lyly anatajwa kuwa mmoja wao. Vitabu vya hao nao vilitoka bila majina ya kweli, kingine kimeandikwa mwandishi ni "Cutbert Curry-knave". Hao walikuwa na ulinzi wa Kanisa zima nyuma yao. Walikuwa wanamwogopa nani?

Kaka Mkweli
Dada, asante kwa darasa, ila umeandika gazeti. "Ati akavua kofia", haya ni ya kuhadithiana. Na hilo la kumwambia mtu mzima "kuna anayeona haya" sijalipenda, kama vile mimi sijui haya ni nini.

Binti Siyu
Gazeti ulilianza wewe. Na swali langu la mwisho umeliruka.

Msomi Jioni
Mnazunguka mbuyu wakati jibu liko wazi. England yote ya wakati ule ilikuwa ya kuficha majina. Ndiyo maana wengine tunasema Shakespeare hakuandika zile tamthilia. Angalieni: *Romeo and Juliet* ilitoka 1597 bila jina. *Titus Andronicus* 1594, bila jina. Mtu maarufu hivyo jina lisiwekwe? Kuna mkubwa alikuwa nyuma ya pazia.

Chumvi ya Mawe
Ooh, tumefika. Nilikuwa najiuliza tutafika lini.

Fundi Hoja
Msomi Jioni umekurupuka. Jina halikuwekwa kwa sababu hakuna aliyelihitaji. Tamthilia ilikuwa mali ya kundi la waigizaji. Mchapishaji akishaipata, anakwenda kuiandikisha kwenye daftari la Stationers' Company, chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, analipa ada ya peni sita, imekuwa yake. Mwandishi hakuwa na haki ya kisheria mpaka sheria ya 1710. Utaweka jina la mtu asiyekudai kitu kwa faida gani? Jina la Shakespeare lilipoanza kuuza, mwaka 1598, ndipo likaanza kuonekana kwenye majalada. Mwaka uliofuata William Jaggard akachapa mkusanyo wa mashairi akauita wa W. Shakespeare, na mengi humo hayakuwa yake. Jina limegeuka chambo! Sasa huyo mkubwa wako nyuma ya pazia ndiye alikuwa anajifichia kwenye jina linalouzwa mitaani kama maandazi?

Msomi Jioni
Wewe umesoma wapi hayo? Mtoto wa mshona glavu wa Stratford, hajakanyaga chuo kikuu, aijue Venisi, aijue Roma?

Fundi Hoja
Hapo sasa ndipo unaponikera. Kwa hiyo mtoto wa fundi hawezi kuandika? Baba yangu alikuwa mshona viatu Morogoro.

Msomi Jioni
Sijamtaja baba yako.

Fundi Hoja
Umemtaja bila kumtaja jina, kama Martin.

Chumvi ya Mawe
Karanga zimeisha, naomba mtu aniletee nyingine.

Binti Siyu
Mwalimu Nyerere alipoitafsiri *Julius Caesar* mwaka 1963 hakuomba kitambulisho cha Shakespeare wala cheti cha baba yake. Tuendelee.

Na kwa kuwa mmeanza kusema kwamba zama hizo kila mtu alijificha: huku kwetu pwani Mwana Kupona kwenye utendi wake aliweka jina lake ndani ya beti, akaweka Pate alikozaliwa, akaweka na mwaka wa Hijra, 1275, yaani karne ya 19 kwa kalenda ya kizungu. Ukitoa ubeti wa jina umeharibu utendi. Kwa Waingereza jina lilikaa kwenye jalada, na jalada ni la mchapishaji. Ndiyo tofauti. Jina likiwa nje ya maandishi, mwenye kulitoa au kulichomeka si mwandishi.

Kaka Mkweli
Sasa utendi unahusiana nini na Martin?

Rimu Tano
Mimi bado niko kwenye "chombo". Sijasahau.

Mnazungumzia majalada, haya basi. Mtambo wa Martin mwishoni ulikuwa mikononi mwa mpiga chapa mmoja, John Hodgkins, na wasaidizi wake wawili. Mmoja wa hao wasaidizi anaitwa Valentine Simmes. Agosti 1589 wakasafirisha vifaa kwa mkokoteni kuelekea Manchester. Walipofika Warrington, wakati wa kushusha mizigo, herufi chache zikamwagika chini, watu wakazisogelea kuzishangaa. Hodgkins akawaambia ni risasi. Waingereza wanaosimulia kisa hiki wanasema alidanganya. Mimi kwa Kiswahili changu nasema alisema kweli tupu, herufi za chapa ni za madini ya risasi, sisi wazee wa kazi tulizishika.

Siku chache baadaye wakakamatwa wakiwa na kijitabu kingine mtamboni, watu wa Earl wa Derby, bwana mkubwa wa huko, wakawabeba.

Sasa sikilizeni. Simmes hakufia huko. Mwaka 1597 ndiye aliyechapa *Richard II* ya Shakespeare. Kwenye ukurasa wa mbele limeandikwa jina la Valentine Simmes, mpiga chapa, na la Andrew Wise, mchapishaji. La Shakespeare halipo. Mwaka uliofuata Simmes huyohuyo akaichapa tena, ndipo Shakespeare akawekwa.

Kaka Mkweli, soma polepole: CHOMBO kina jina, mwandishi hana.

Fundi Hoja
🔥🔥 Mzee wa rimu amefunga goli la katikati ya uwanja.

Msomi Jioni
Hilo linathibitisha hoja yangu kwamba Shakespeare alikuwa hajulikani.

Fundi Hoja
Kunywa maji, mkuu.

Kaka Mkweli
Sawa Mzee Rimu, nakubali jina lilikuwepo. Lakini jina la mpiga chapa liliwekwa ili dola imjue wa kumkamata. Henry wa Nane aliagiza tangu 1546 kitabu kiwe na jina la mpiga chapa na la mwandishi. Hiyo si heshima, ni namba ya gari. Na hii inarudi palepale: Martin alijua anayeshikwa kwanza ni mwenye mtambo, kwa sababu mtambo haufichiki mfukoni. Akaendelea. Tena akiwa anacheka! Kile cha kwanza kimeandikwa kwamba kimechapwa ng'ambo, Ulaya, hatua kadhaa kutoka kwa kasisi mmoja mwenye majivuno. Wenzake wanavuja jasho, yeye anachekesha.

Binti Siyu
Na ndani ya kile kile cha kwanza Martin analalamika kwamba mpiga chapa Robert Waldegrave amevunjiwa mtambo, ana mke na watoto wadogo sita. Mwoga wako ndiye wa kwanza kumtetea mpiga chapa kwa maandishi. Hilo ulilisoma au uliruka?

Na wenye mitambo hawakuwa peke yao. Waliowapa hifadhi nao walipelekwa mahakamani. Mke wa Bwana Wigston wa Wolston alitozwa faini kubwa kuliko mumewe, kwa sababu yeye ndiye aliyemshawishi mume aukaribishe mtambo. Hapo hakuna aliyekuwa chombo cha mtu.

Chumvi ya Mawe
Mke analipa zaidi? Hii mada nzuri sana, mbona mlinificha mwanzo.

Kaka Mkweli
Kumtetea kwenye karatasi bila jina ni rahisi. Nitajieni mpiga chapa mmoja tu aliyesema "mimi kwa hiari yangu namficha mwandishi". Mmoja.

Rimu Tano
John Twyn. London, 1663. Roger L'Estrange, mkaguzi wa mitambo wa Mfalme Charles wa Pili, alimvamia usiku akiwa na kitabu kilichosema wananchi wana haki ya kumwajibisha mfalme, hata kumwua. Twyn akaanza kuvunja kurasa zilizopangwa ili zisisomeke. Mtu maskini, ana watoto. Wakamwambia mtaje mwandishi. Akasema si tabia yake kumsaliti mwandishi. Mwaka 1664 wakamnyonga na kumkata vipande. Jina la mwandishi akaondoka nalo.

Umetaka mmoja, nimekupa.

Fundi Hoja
...

Kaka Mkweli
Huyo ni miaka zaidi ya 70 baada ya Martin. Zama nyingine kabisa.

Binti Siyu
Ulisema mmoja. Hukusema mwaka.

Kaka Mkweli
Basi tuseme hivi: kosa si kuficha jina, kosa ni kumwachia mwingine hatari bila yeye kuikubali. Hiyo ndiyo niliyokuwa namaanisha tangu mwanzo.

Msomi Jioni
Tangu mwanzo ulisema "weka jina au nyamaza". Iko hapo juu.

Kaka Mkweli
Wewe nenda kamtafute Shakespeare wako.

Fundi Hoja
Kuna mtu anajua yule Waldegrave wa watoto sita aliishia wapi? Isije ikawa naye walimmaliza, mzee hapa asilale.

Rimu Tano
Alijitoa katikati ya 1589, kabla ya Hodgkins kuushika mtambo. Akavuka bahari mpaka La Rochelle, Ufaransa, kisha akaenda Edinburgh. Mwaka 1590 James wa Sita wa Scotland akamfanya mchapaji wake, na jina lake likakaa kwenye vitabu vya mfalme, kubwa tu.

Chumvi ya Mawe
Kumbe alitoroka akapata tenda ya serikali.

Rimu Tano
Tena ya kudumu. Vijana wangu wa kazini nimewasomea hiyo asubuhi. Mmoja kaniuliza Martin alimlipa kabla au baada. Huyo ndiye namwachia ofisi nikistaafu.