Kukadiria nani huungana na nani: dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma

Swali: Wadau, nina orodha ya jozi za wenye boti na wanunuzi hapa Kigoma, bei sizioni. Nataka kujua kwa nini fulani huungana na fulani. Rigresheni ya kawaida (kukadiria jambo moja kwa kutumia sifa nyingine) inatosha?

Jibu: Hapana ndugu. Inachukulia kila mtu kachagua peke yake, kumbe mwenye mtaji mdogo kazidiwa na wengine. Chukua jozi mbili, badilisha wanunuzi, utafute vigezo (uzito wa kila sifa kwenye faida) vinavyofanya jumla ya faida ya jozi halisi ishinde ile ya jozi zilizobadilishwa mara nyingi iwezekanavyo. Kigezo kimoja kifunge kwenye 1, la sivyo hakuna mizani.

Jibu: Naongezea, hapa ndipo wengi hukwama: umri wa mnunuzi pekee hujifuta ukibadilisha, maana jumla hubaki ileile. Weka mwingiliano, yaani sifa mbili zikizidishwa: mtaji wa mnunuzi mara ukubwa wa boti. Na badilisha ndani ya giza moja tu (kipindi cha mwezi chenye usiku usio na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa), soko la mwezi mwingine ni jingine.

Muulizaji: Waliokosa jozi ninao pia.

Jibu: Basi jaribu modeli ya ndoa ya Choo na Siow (2006), inayolinganisha idadi ya walioungana na ya waliokosa kwa kila kundi, ila seli (kisanduku cha jedwali la idadi) yenye sifuri huvunja logi, kwani sifuri haina logi; unganisha makundi.