Anacheza peke yake chumbani kwake, chiti yake inakuuma nini?

Wakuu, nimechoka na hii tabia na leo naisema wazi. Kila mtu akitaja kwamba kamaliza gemu kwa chiti, yaani kodi za siri za kurahisisha mchezo, au kaweka kiwango rahisi, wanaibuka magwiji kumwambia hajacheza. Gemu la mtu mmoja! Hakuna mpinzani, hakuna ligi, hakuna aliyeporwa ushindi.

Na wanaoongoza kwa matusi ni rika langu, tuliokulia kwenye vibanda vya gemu na PS2 (PlayStation 2). GTA San Andreas ya 2004 nani aliicheza bila chiti? Kwenye pedi unabonyeza R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Vidole vinakumbuka mpaka leo. Afya inajaa, unavaa fulana ya risasi, unaingiziwa dola 250,000. Wa kompyuta waliandika HESOYAM. Tulizinakili nyuma ya madaftari ya shule na kupeana kama mali. Ukivuka kwenda Las Venturas kabla misheni hazijakufungulia njia, unapigwa nyota nne papo hapo, yaani polisi wanakuwinda vikali, kwa hiyo wengi wetu mji ule tuliuona kwa sababu ya chiti ya kuzuia polisi. Umelipia nusu saa, mwenye kibanda anaangalia saa, foleni iko nyuma yako. Ulitaka tuitumie yote kufia hatua moja ya gemu?

Kilichonifikisha hapa ni mdogo wangu. Alipata ajali ya bodaboda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji vizuri. Anaipenda Celeste, lile gemu la 2018 la binti anayepanda mlima. Lile halina huruma, ukichelewa kubonyeza kidogo tu umekufa. Ila ndani yake kuna menyu ya msaada: unapunguza kasi ya gemu, unafanya nguvu za kushika ukuta zisiishe, ukitaka hata usife kabisa. Akashusha kasi hadi asilimia 70, akakomaa siku na siku, na bado alikufa mara nyingi mno. Kafika kileleni, kaweka picha kwenye grupu. Akajibiwa, "Futa hiyo, hujamaliza." Akaifuta kweli. Mtu mzima unamfanyia hivyo kijana, unapata nini?

Menyu ile iliwekwa na wenye gemu wenyewe. Wewe ni nani wa kuwafundisha gemu lao linavyochezwa?

Halafu mnasema chiti ni uvivu wa watoto wa siku hizi. Ile maarufu ya kampuni ya Konami, juu juu chini chini, iliwekwa na Kazuhisa Hashimoto mwaka 1986 alipokuwa anatengeneza Gradius ya Nintendo, kwa sababu lilikuwa gumu mno kwake kulipima. Mtengenezaji mwenyewe! Doom ya 1993 nayo ilikuja na iddqd, unaandika na hufi tena.

Mtandaoni ni habari nyingine. Ukiweka chiti mnapocheza na watu umeiba, na ukifungiwa ni halali yako. Hata tuzo (zile beji za mafanikio ya mchezaji) naelewa: GTA V ukiingiza chiti haikupi tuzo kwa muda huo, na hilo ni sawa kabisa. Gemu gumu la Sekiro la 2019 halina kiwango rahisi, wenyewe wameamua hivyo, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtu ambaye hakutengeneza chochote, ila anataka kusimamia starehe ya mwenzake aliyelipia gemu kwa hela yake.

Kwa hiyo mliozoea kutukana, jibuni hapa hapa bila kukimbia: mnapungukiwa nini? Wengine, naomba majina ya gemu zenye menyu za msaada za maana. The Last of Us Part II naijua, ina mipangilio zaidi ya 60 ya kusaidia wenye ulemavu, ila laptop yetu haiiwezi. Nataka nyepesi, zisizohitaji kadi kubwa ya picha.