Beji za Mzee

Zuhura: Jamani, Mzee wetu, Baba, kaombwa tiketi mlangoni, kajibu kama kawaida yake: "Beji? Hatuhitaji beji zinazonuka!" Hiyo filamu inaitwaje? Nimeingia Google nimepata fulana na vikombe tu.

Neema: Umetafuta kwa Kiswahili? Filamu ni ya Kiingereza, kwa hiyo rudisha maneno huko. Usiandike sentensi nzima, maana maneno madogo ndiyo watu huyakosea. Chukua mawili ambayo hayakutani kila siku, yafunge kwa alama za nukuu: "stinking badges". Neno "movie" liweke nje ya nukuu.

Zuhura: Zimekuja mbili, ya 1948 na ya 1974. Ipi sasa?

Mjomba Salum: Zote. Na katikati kuna kipindi cha televisheni cha bendi ya The Monkees, 1967. Huo mstari umepokezanwa kama kijiti. Chimbuko kwenye sinema ni The Treasure of the Sierra Madre ya 1948. John Huston ndiye mwongozaji, na kaitoa kwenye riwaya ya B. Traven iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1927. Blazing Saddles ya Mel Brooks, 1974, inaitania hiyo.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Mzee ananukuu ipi?

Mjomba Salum: Marahaba. Angalia hilo "zinazonuka" limekaa wapi. Kwenye ya 1948 kuna jambazi mwenye likofia likubwa, kaigiza Alfonso Bedoya, anajidai yeye na wenzake ni polisi. Humphrey Bogart anamwuliza: kama nyinyi ni polisi, beji ziko wapi? Jamaa anapandisha hasira hatua kwa hatua: Beji? Hatuna beji. Hatuhitaji beji. Silazimiki kukuonyesha beji zozote zinazonuka! Yaani kunuka kunakuja mwisho, hasira zikishachemka. Kwa Mel Brooks mambo yamefupishwa, "hatuhitaji" na "zinazonuka" zimebanwa kwenye pumzi moja.

Idi: Basi Mzee ni wa 1974, tumemaliza.

Neema: Taratibu, Idi. Kichwa cha mtu nacho hufupisha, hakihitaji Mel Brooks. Watu wangapi wanaapa kwamba kwenye filamu ya Casablanca mhusika Ilsa anasema "Play it again, Sam"? Hilo "again" halimo. Maneno ya Mzee ni dalili tu, tukio ndilo ushahidi. Mwulizeni wenye kusema hayo maneno wanafanya nini. Kama wako porini wanabishana na wachimba dhahabu wenye bunduki, ni ya 1948. Kama ni wahalifu wamepanga foleni wanaandikishwa kazi, ni ya 1974.

Idi: Si tumwulize tu kama ilikuwa ya rangi?

Neema: Rangi inakudanganya. Ya 1948 haina rangi, ya 1974 inayo. Lakini aliyeitazama ya 1974 kwenye televisheni isiyo ya rangi atakuapia ilikuwa nyeusi na nyeupe. Hata upana wa picha usiutegemee. Ya 1948 inakaribia mraba, 1.37 kwa 1, na ya 1974 ni pana, ila filamu pana zilikuwa zinakatwa pembeni ili zijae kioo cha televisheni za zamani.

Baba: Nawasoma tu humu. Kulikuwa na foleni ndefu, na mtu anagawa beji.

Mjomba Salum: 1974! Shemeji, ungesema mapema tungekuwa tumeshalala.

Zuhura: Asante Baba 😂 Diski ya Blazing Saddles ninayo, na sabtaito, yale maandishi ya chini ya picha, nimeitoa kwingine. Mwanzoni inakwenda sawa, kadiri filamu inavyosonga inazidi kuchelewa. Nitafikaje kwenye hicho kipande?

Idi: Hapo ni kasi ya fremu. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, diski za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na kwingineko, huendeshwa kwa 25. Filamu ya dakika 93 inakwisha kwenye dakika 89 hivi. Ukifika dakika ya 10 ya maandishi, yameshapishana na picha kama sekunde 25. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, vitufe vya G na H husogeza maandishi milisekunde 50 kila ukibonyeza, lakini hiyo inatibu pengo lisilobadilika. Lako linakua, kwa hiyo utasogeza mpaka uchoke. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, badili kasi ya fremu kutoka 23.976 (ndiyo ile 24 inavyoandikwa kwenye video nyingi) kwenda 25, hifadhi kwa jina jingine.

Neema: Halafu hilo faili la sabtaito, la SRT, ni maandishi matupu. Lifungue hata kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta "badges" peke yake. Usitafute sentensi yote, kwa sababu sabtaito hukatwa mistari miwili na kompyuta haitaiona kama sentensi moja. Juu ya maneno kuna muda wa kuanza na wa kuisha, nenda nao. Na kama sabtaito imefupisha maneno, amini sikio lako, si maandishi.

Zuhura: Nimeipata! Naiweka Jumamosi, watu wote sebuleni.

Mjomba Salum: Watoto wakilala. Brooks anawacheka wabaguzi, lakini matusi yao ya rangi yamejaa humo mwanzo mpaka mwisho. Na ningekuwa wewe ningeanza na ya Huston, dakika 126. Bila kuiona hiyo, utani wa beji ni nusu utani. Halafu mwangalie yule mzee mchimba dhahabu: ni Walter Huston, baba mzazi wa mwongozaji. Alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na mwanawe akapata ya uongozaji na ya uandishi, kwa filamu hiyo hiyo.

Baba: Anzeni na hiyo ya baba na mwana. Sabtaito ziwe kubwa.

Idi: VLC, Baba: Mapendeleo, Sabtaito, ukubwa wa herufi. Nitakuja kukuwekea.