Mafundi wangu hawaambizani kitu tena, nifanyeje?

Forman wa Moro

Heshima kwenu wakuu. Nasimamia gereji ya malori na mabasi hapa Morogoro, mafundi 8. Zamani asubuhi kwenye chai walikuwa wanabishania gari la jana mpaka chai inapoa. Siku hizi kila mtu yuko kwenye shimo lake, kimya.

Jumatatu iliyopita fundi mmoja alipata lori linalowaka na kuzimika. Akagundua upepo unaingia kwenye laini ya dizeli, kwa sababu washa (ringi za shaba za kuziba maungio) zilirudishwa zilezile za zamani. Akaweka mpya, gari likaondoka. Jumatano likaja jingine na ugonjwa uleule, likaangukia kwa mwenzake. Kahangaika siku mbili, kashusha mpaka pampu. Yule wa kwanza yuko hatua kumi tu, anaona, hasemi.

Nilipomuuliza akanijibu kwa upole: "Bosi, ningemwambia angenipita kwenye karatasi." Karatasi ni ile iliyoko ukutani tangu Januari: idadi ya magari aliyomaliza kila fundi, na wa kwanza anapata 50,000 mwisho wa mwezi. Wazo la tajiri, lakini niliyeibandika ni mimi.

Kuna jingine linaniuma zaidi. Mwaka jana nilimfokea kijana mbele ya mteja kwa kuuliza swali nililoliona la kitoto. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu. Majuzi kakaza bolti za silinda hedi bila mpangilio, gaskiti imeungua. Na mzee wetu wa pampu, miaka 30 kwenye dizeli, akitaka kuseti pampu anamtuma kijana dukani kwanza, asione.

Nifanyeje watu waanze kusema tena?

Nesi wa Usiku

Kaka, anza na huyo kijana. Wodini kwetu mkuu wa kwanza kila jambo aliuliza "nani kafanya?", basi dawa ikipitiliza saa yake, mtu anaficha. Aliyekuja baadaye, siku yake ya kwanza kwenye kukabidhiana zamu, alitusimulia alivyowahi kuchanganya dripu mbili akiwa mgeni kazini. Ndani ya mwezi daftari la makosa likajaa. Wakubwa walishtuka wakadhani wodi imeharibika, kumbe ndiyo kwanza tumeanza kuyasema. Mtafiti Mmarekani, Amy Edmondson, aliyakuta hayohayo hospitalini miaka ya 1990: timu zilizoelewana vizuri ndizo zilizoonekana na makosa mengi ya dawa, kwa sababu hazikuogopa kuyataja.

Ulimfokea mbele za watu. Mwombe radhi mbele za watu.

Fundi Fotokopi

Mimi natengeneza mashine za fotokopi Kariakoo. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr alizunguka na mafundi wa Xerox huko Marekani. Kampuni iliwapa vitabu vya maelekezo, hatua kwa hatua, lakini yeye akakuta ujuzi wenyewe unapita kwenye visa wanavyosimuliana wakiwa wanakula. Baadaye kampuni ikatengeneza mfumo wa kompyuta, Eureka, wa kukusanya mbinu zao, na kila mbinu ilibeba jina la aliyeileta. Mkuu, toa hiyo karatasi, bandika nyingine: ugonjwa wa gari, dawa yake, na jina la aliyeigundua.

Mzee wa Spana

Huyo wa pampu msimlaumu. Ukishafundisha, kesho kijana wa nusu mshahara anakaa kwenye kiti chako. Nimeyaona kwa macho yangu. Tajiri amhakikishie mshahara wake kwanza, tena amwongeze kwa kufundisha. Hapo ndipo mumwombe.

Forman wa Moro

Nimerudi, wakuu. Tajiri aligoma kutoa karatasi, nikampigia hesabu ya lori lililolala siku mbili. Amekubali, na ile 50,000 itakuwa ya chai ya wote.

Leo asubuhi nimemwomba kijana radhi wote wakiwepo. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu. Saa nne akanifuata na spana mkononi, akauliza bolti za hedi zinaanzia wapi. Nikamwonyesha: unaanza katikati, unatoka nje huku na huku, na hukazi mara moja. Wawili wengine wakasogea kusikiliza.

Mzee bado anamtuma mtu dukani. Mimi na tajiri tunakaa naye Jumamosi.