Miaka 11 godauni moja, wanataka kunilipa ya miaka 2!

Wadau, nimeshikwa na hasira hata usingizi haunijii.

Nimeingia godauni hii ya Shimanzi, Mombasa, Machi 2013, kibarua wa magunia, baadaye nikapewa foklifti. Wiki iliyopita tumeitwa watu 12, eti kazi imepungua. Meneja akanisogezea karatasi: kiinua mgongo cha mshahara wa siku 30. Kwa ujira wangu wa 900 kwa siku, hiyo ni shilingi 27,000. Nikamuuliza miaka yangu mingine iko wapi. "Mzee, mkataba wako ulianza 2022. Ya nyuma ilikuwa kampuni nyingine."

Kampuni nyingine ipi? Lango lile lile, foklifti ile ile, supavaiza yule yule! Ovaroli yangu ina nembo mpya iliyoshonewa juu ya ile ya zamani, na ukiiinua kwenye mwanga herufi za chini unazisoma. Mwaka huo wa 2022 walitutaka tutie saini mikataba mipya Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tuko kazini. Hakuna aliyelipwa hata ndururu. Sasa na wanijibu: kama mliniachisha, barua iko wapi na malipo yako wapi? Na kama hamkuniachisha, miaka yangu imekatikia wapi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, mtu akiachishwa kwa sababu kazi imepungua, inataka si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Yangu ni siku 165, yaani 148,500. Bado notisi ya mwezi, ambayo afisa wa leba wa serikali naye lazima aandikiwe, na likizo ambazo sijaenda. Kifungu cha 10 nacho kinamtaka mwajiri aandike tarehe ajira ya mfululizo ilipoanza, pamoja na miaka ya mwajiri wa awali inayohesabika. Kwenye mkataba wangu hiyo tarehe haimo kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni mzee aliyenifundisha foklifti, ana miaka mingi kunishinda. Ametia saini kwamba hadai kitu, kwa sababu mtoto karudishwa nyumbani kwa karo. Walijua atatia.

Mimi sijatia saini na sitii. Jumatatu niko ofisi ya leba. Wenzangu mlio na slipu za mshahara za kabla ya 2022, tafadhali msizitupe, njooni nazo.